Pichesi za Lushoto zimenivulia nguo karaini, nimekosea wapi?

#1 MamaKaraiMbili
Wakuu habari za jumapili. Shemeji kaja juzi na basi toka Lushoto kaniletea kindoo cha pichesi, si mnajua mwezi huu wa kwanza ndo zenyewe, nyekundu ubavu mmoja, ukifungua kifuniko tu nyumba nzima inanukia. Watoto wamekula mpaka zimewakinai na zilizobaki zimeanza kulainika, na joto hili la Dar hazifiki jumatano. Nikasema ngoja nizikaange ndani ya unga kama wazungu wanavyofanya na tofaa, nilishawahi kula hotelini enzi hizo nikazipenda.

Nilichofanya ni hivi: unga wa ngano vikombe viwili, mayai mawili, maziwa kwa kukadiria, sukari nusu kikombe, bekin pauda kijiko cha chai, iliki. Pichesi nikakata vipande kama mwezi mchanga, nikanyunyizia sukari na mdalasini nikaacha nusu saa zikolee. Baada ya hapo nikachovya kwenye rojo, nikatumbukiza.

Sasa kilichotokea, unga umepanda juu unaelea peke yake kama kofia ya mtu aliyezama, tunda liko chini linachemka, mafuta yanaruka hadi kwenye kabati. Zile mbili tatu zilizoshika zilikuwa nyeusi nje, ndani uji mtupu. Mume wangu kazila akasema tamu, ila namjua yule, hata supu ikiungua anasema tamu. Nimekosea wapi?

#2 Kidevu
Bila picha uzi batili

#3 MamaKaraiMbili
Kidevu picha ningepiga saa ngapi na mimi nafuta mafuta ukutani

#4 Bi Tatu wa Kibokoni
Mwanangu pole. Hilo wala si jambo geni, sisi huku Mombasa tumekua na viazi karai na ndo mambo hayohayo. Kiazi ukikitoa majini ukakichovya kikiwa chepechepe hivyo, rojo lakataa, lateleza lote. Sharti kiazi kipoe kikauke ngozi kwanza. Wewe matunda umeyatia sukari nusu saa, bila shaka yalikuwa yaogelea. Yapanguse na kitambaa, yagaragaze kwenye unga mkavu, ukung'ute, kisha ndo uchovye. Unga mkavu ndo wa kulishikilia rojo. Na rojo liwe zito, ukiinua kidole lisichirizike kama maziwa.

#5 Fundi_Gesi
Kwa heshima zote bi mkubwa, mimi naona tatizo mafuta hayakuwa tayari. Mafuta yakiwa baridi rojo linakaa linajifikiria badala ya kuganda pale pale, linalegea linaachia. Dondosha tone la rojo, likizama likakaa chini bado, likizama kidogo likarudi juu fasta na mapovu hapo sawa. Kwa kipimajoto ni kama 175 hadi 180. Halafu watu wana tabia ya kutumbukiza kumi kwa mpigo, mafuta yote yanapoa

#6 MamaKaraiMbili
Bi Tatu ahsante, na kweli bakuli lilikuwa na juisi chini karibu kikombe, nikaimwagia humohumo kwenye rojo nikaona nisipoteze utamu 🙈 Fundi_Gesi hapo nakukatalia, zingekuwa baridi zisingekuwa nyeusi

#7 Fundi_Gesi
Nyeusi ni sukari hiyo dada, nusu kikombe ndani ya rojo plus juisi yenye sukari plus maziwa? Inabadilika rangi kabla unga haujaiva. Weka kijiko kimoja tu, sukari nyingine unanyunyiza juu ukishatoa. Nyeusi nje mbichi ndani haina maana mafuta yalikuwa sawa

#8 Kidevu
Umeimwaga juisi kwenye rojo 😂😂 halafu unauliza umekosea wapi

#9 Shemeji_wa_Soni
Mimi mtu wa huko huko milimani naomba niseme jambo. Hamjauliza pichesi gani. Kuna inayoachia kokwa, ukiikata ukaizungusha inafunguka pande mbili safi, na kuna inayong'ang'ania kokwa mpaka unaishia kuifinyanga mkononi. Hiyo ya pili kuikata vipande ni mateso, unaichubua kwa vidole inatoa maji hata kabla hujaiweka sukari. Halafu hizo za kuja na basi zimebondwa toka Soni kona zile zote mpaka Mombo, bado Mombo hadi Dar, chini ya ndoo ni jamu tayari. Za kukaanga unachukua ambazo bado ngumu kidogo, ukibonyeza na kidole gumba zinabonyea kwa shida.

#10 nyanya_chungu
Kwani ni pichesi au mapichi au nini, mimi niliambiwa kiswahili sanifu ni FYULISI

#11 Shemeji_wa_Soni
Kamusi inasema fyulisi na mti wake mfyulisi, sawa, ila simama Soni useme naomba fyulisi, watakuuliza ni dawa ya nini

#12 Mtoto wa Ngamiani
😂😂 nakazia. Tanga mjini pia nikisema fyulisi wataniambia nenda hospitali

#13 Mzee Mkaa
Matunda hayo mnayoyasifia aliyeyaleta ni mjerumani, Lushoto enzi hizo wakiiita Wilhelmstal. Kabla ya hapo hayakuwepo.

#14 Mwl_Maabara
Mzee Mkaa shikamoo. Wilhelmstal ni kweli. Ila tunda lenyewe si la ujerumani, ni la China. Jina la kisayansi ni Prunus persica maana wazungu wa kale walilipata kupitia Uajemi wakadhani ndo kwao. Mti unataka baridi ya kutosha upumzike ndo uchanue vizuri, ndo maana linakaa milimani na wewe ukipanda Mbagala utapata majani.

#15 Mzee Mkaa
Marahaba. Sijasema ni la ujerumani nimesema aliyeleta. Soma vizuri mwalimu.

#16 Nipo_Atlanta
Heheh mmenikumbusha mbali. Wakuu huku msimu wake ni kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, nyie mnakula januari sisi tunakula julai. Georgia ndo namba moja kwa pichesi Marekani nzima, mpaka namba za gari zinachorwa tunda. Kwenye maonyesho ya vijijini wanauza hizo za kukaanga zimenyunyiziwa sukari ya unga, na rojo lao wanatia soda nyeupe ya baridi badala ya maziwa. Ile gesi inafanya ganda liwe jepesi. Jaribu hilo mama

#17 Dalali_wa_Tofaa
Georgia wana jina tu mkuu, namba moja ni California na mbali sana, hata South Carolina huwa wanawapita Georgia. Hilo nimelikuta kazini maana nauza matunda.

#18 Nipo_Atlanta
Usiniharibie ugenini kwangu bana 😅 ila kweli, jirani yangu wa South Carolina huwa ananichokoza na hilo hilo

#19 Mwl_Maabara
Turudi kwa mleta mada. Sababu ni sukari, ila si ile ya kwenye rojo. Ukinyunyiza sukari juu ya tunda lililokatwa inavuta maji yatoke ndani ya chembechembe za tunda, ndo ile juisi ya kikombe. Ukaja ukachovya kitu kinachotoa jasho. Ikifika kwenye mafuta ya 180 maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, unakuta ganda la unga, unalisukuma. Kofia inavuka kichwa. Yale mafuta yaliyoruka kabatini ni huo huo mvuke. Pichesi ni maji karibu asilimia 89, unategemea nini

#20 Dalali_wa_Tofaa
Mwalimu nikuulize kwa adabu tu. Tofaa nalo ni maji asilimia 85 na ushee. Tofauti ni ndogo hivyo. Mbona tofaa ukilichovya linakaanga vizuri halivui chochote? Hiyo hoja ya maji ina tundu

#21 Kidevu
*navuta kiti*

#22 Mwl_Maabara
Swali zuri. Maji ni kitu kimoja, yanashikiliwa na nani ni kitu kingine. Tunda likiiva ile gundi inayounganisha kuta za chembechembe, pektini, inavunjwavunjwa, na pichesi ikiiva inalainika haraka sana kuliko tofaa. Tofaa linabaki gumu, maji yamefungiwa ndani. Pichesi iliyoiva ni mfuko uliotoboka.

#23 Shemeji_wa_Soni
Yani umerudi kwenye nilichosema #9, chukua ngumu. Ila mimi sikusoma pektini

#24 Bi Tatu wa Kibokoni
Nami nilisema kausha. Sote twasema mamoja ila mwalimu ana maneno mengi.

#25 Fundi_Gesi
Hapana hatusemi mamoja. Mimi nimeshakaanga ndizi mbivu kabisa, laini kama uji, na rojo limeshika. Kwa sababu mafuta yalikuwa moto. Sijawahi kukausha ndizi na kitambaa maishani

#26 Dalali_wa_Tofaa
Ndizi haina maji mengi kama hiyo Fundi, na ina utelezi wake unaonata. Mfano haufai

#27 KampalaRoad
Jamani habari zenu. Huku kwetu Uganda tuna kabalagala, ile ndizi ndogo tamu unaiponda kabisa unachanganya na unga wa muhogo, unasukuma, unakata mviringo unakaanga. Hakuna cha kuvua nguo maana tunda na unga ni kitu kimoja. Kwa nini usiponde hizo pichesi?

#28 MamaKaraiMbili
KampalaRoad nikiponda pichesi si nitapata juisi? Ndizi inajishika yenyewe

#29 KampalaRoad
Unaongeza unga mpaka ishike.

#30 Mtoto wa Ngamiani
Hapo itakuwa andazi lenye harufu ya pichesi. Mimi hapa naona kuna vitu viwili mnavichanganya. Kuna ya kuchovya, kipande kizima ndani ya koti. Na kuna ya kukatakata vipande vidogo kama dengu kubwa unachanganya na rojo zito kabisa unachota na kijiko unadondosha kama kaimati. Hii ya pili haiwezi kuvua maana kipande kimezungukwa na unga kila upande. Kwa tunda lililoiva kupita kiasi mimi ningefanya ya kudondosha. Mama yangu anafanya hivyo na embe, wageni wakija wanadhani ni kaimati wanaenda kutafuta shira

#31 nyanya_chungu
Kaimati ya embe?? Mama yako aheshimiwe, kaimati ni kaimati

#32 Mtoto wa Ngamiani
Nimesema KAMA kaimati

#33 LimuruTea
Niaje watu wa huko chini. Sisi pichi ziko hapa Limuru, msimu ukifika watoto wanauza barabarani na ndoo. Kuna kitu hamjataja, ngozi. Ile ngozi ya pichi iko na manyoya, rojo haiwezi kushika manyoya, hata maji yenyewe inateleza juu yake. Mama aliacha ngozi? Mimi huwa naweka tunda kwa maji yanayochemka nusu dakika hivi, naitoa naiweka kwa maji baridi, ngozi inatoka yenyewe kama soksi. Hapo ndo unakata.

Na ingine, mahali unakaa. Nikiwa Nairobi maji inachemka karibu nyuzi 94 si 100, kwa hivyo mambo ya unga na mafuta haifanani na ya pwani. Lazima ucheze na moto.

#34 Fundi_Gesi
Mama yuko DAR mkuu, bahari iko hapo. Mlima umetoka wapi

#35 LimuruTea
Nimesema tu 😄 lakini ngozi mjibu

#36 MamaKaraiMbili
Ngozi niliacha... niliona inapendeza ile rangi nyekundu

#37 Kidevu
Kwa hiyo mpaka sasa: ngozi hukutoa, juisi ulimwaga kwenye rojo, sukari nusu kikombe, tunda limeiva limebondwa na basi, na mafuta hayajulikani. Shemeji alileta pichesi au kesi

#38 MamaKaraiMbili
Kidevu na wewe ulishawahi kukaanga nini zaidi ya yai

#39 Kidevu
Yai langu halivui nguo

#40 mke_wa_dereva
Mnisamehe naingia kwa kuchelewa. Mimi nilikuwa nafanya biashara ya vitafunwa asubuhi miaka minne. Mnaongelea tunda na mafuta hamuongelei rojo lenyewe. Aliliacha likae au alitumia hapo hapo? Alilikoroga sana? Ukilikoroga sana linakuwa mpira, linavuta, kwenye mafuta linajikunja linaachia tunda. Koroga mabonge yaishe nusu tu, acha. Na toa robo ya unga wa ngano weka unga wa mchele ule wa vitumbua, ganda linakauka linakuwa kakamavu, asubuhi hadi saa nne bado linalia likivunjwa. Mwenye kon flawa aweke, kazi ni moja.

#41 MamaKaraiMbili
Nilikoroga na mashine mpaka likawa laini kabisa dada, kisha likakaa hiyo nusu saa nikisubiri matunda

#42 mke_wa_dereva
Mashine tena. Na bekin pauda kwenye rojo la maji ukilikalisha nusu saa gesi nyingi imeshatoka. Weka mwisho kabisa mafuta yakiwa yanasubiri

#43 Nipo_Atlanta
Hapo kwenye kukalisha sikubaliani, mapishi mengi huku wanakalisha rojo kwenye friji dakika 30 ndo linakuwa bora, unga unakunywa maji linakuwa zito

#44 mke_wa_dereva
Kalisha unga na maji, sikukatazi. Bekin pauda ndo iingie mwisho. Na hizo friji zenu hazikatiki umeme

#45 Nipo_Atlanta
😂 nimenyamaza

#46 Mpishi_wa_Jela_Mstaafu
Usitupe kokwa. Ukizivunja ndani kuna kijipunje kina harufu ya lozi, saga weka kwenye rojo, hotelini tulikuwa tunafanya.

#47 Mwl_Maabara
Mkuu hapo NAOMBA SANA watu wasifuate. Kile kijipunje kina amigdalini, ukikisaga au kukitafuna inatoa sianidi, sumu kali, na mleta mada ana watoto nyumbani. Anayetaka harufu ya lozi atumie arki ya dukani au aache. Vanila na iliki zinatosha.

#48 Mpishi_wa_Jela_Mstaafu
Tulikuwa tunaweka kidogo tu na hakuna aliyekufa

#49 Kidevu
"Hakuna aliyekufa", mwenye jina lake kaongea 😂

#50 Bi Tatu wa Kibokoni
Msikilizeni mwalimu hapo. Kokwa tupeni.

#51 MamaKaraiMbili
Mrejesho. Zilibaki pichesi nane, mbili nikazitupa zilikuwa zimechacha. Sita nikagawa mafungu mawili maana siwezi kuwaridhisha wote.

Fungu la kwanza nimefuata LimuruTea na Bi Tatu: nimechovya maji ya moto, kweli ngozi imetoka kama soksi, nimekata minene, nimepangusa, unga mkavu, rojo bila mashine nusu ya unga wa mchele (dada alisema robo mimi nikazidisha), bekin pauda mwisho, sukari kijiko kimoja. Mafuta nimepima kwa tone. Nimekaanga tatu tatu. Koti LIMESHIKA. Yote. Hakuna hata moja iliyovua. Rangi ya dhahabu, inalia. Tatizo sasa ukiuma kuna nafasi kati ya ganda na tunda, kama mtu kavaa koti la kaka yake, na tunda ndani ni la moto mpaka mtoto kaungua ulimi.

Fungu la pili la Mtoto wa Ngamiani, nimekatakata nikachanganya nikadondosha na kijiko. Zimetoka nzuri kwa sura ila zimekunywa mafuta, ukibonyeza na tishu inaloa. Na katikati baadhi mbichi.

#52 Mwl_Maabara
Hiyo nafasi ni mvuke. Nilisema.

#53 Shemeji_wa_Soni
Hiyo nafasi ni tunda kusinyaa kwa sababu limeiva mno. Nilisema.

#54 mke_wa_dereva
Hiyo ni unga wa mchele kuzidi, ganda linakuwa gumu mapema tunda linapungua ndani. Nilisema robo

#55 Fundi_Gesi
Na zilizokunywa mafuta ni moto mdogo. Mnaona sasa, fungu la pili mafuta yalikuwa yamepoa baada ya la kwanza, kaanzaje la pili bila kusubiri yapande tena

#56 Mtoto wa Ngamiani
Zilizokunywa mafuta ni rojo kuwa jepesi, vipande vimetoa juisi ndani ya bakuli wakati anakaanga fungu la kwanza. Inatakiwa uchanganye ukiwa umesimama karaini. Na kijiko gani alitumia? Cha mezani? Cha chai ndo kinatakiwa, ndo maana katikati mbichi

#57 MamaKaraiMbili
Cha mezani 😐

#58 Mzee Mkaa
Mnatumia gesi. Jiko la mkaa na karai la chuma moto hautetereki, chuma kinatunza joto. Sufuria hizo nyembamba za alumini ukitia kitu baridi zinapoa kama chai.

#59 Fundi_Gesi
Mzee mkaa ndo ambao huwezi kuupunguza, ukizidi umezidi

#60 Mzee Mkaa
Unaondoa kaa moja na koleo. Ni lazima nikufundishe?

#61 nyanya_chungu
Zote mbili watoto walipenda ipi

#62 MamaKaraiMbili
Zilizokunywa mafuta. Wamezimaliza zote, za kushika koti wameacha tatu kwenye sahani, nimezila mimi na chai nikiwa nimesimama jikoni. Mume kasema zote tamu

#63 Kidevu
😂😂😂 wataalamu kumi na moja

#64 Dalali_wa_Tofaa
Dada ukitaka tofaa nikuletee, ngumu, halichachi, halina manyoya

#65 MamaKaraiMbili
Tofaa sitaki, nataka pichesi. Shemeji_wa_Soni kuna basi la kesho? Ngumu safari hii, na usiweke chini ya ndoo

#66 Shemeji_wa_Soni
Zipo, msimu unaelekea ukingoni lakini kule juu kuna miti inachelewa. Njoo inbox. Nitazipanga na majani ya mgomba katikati ya tabaka, kokwa zake hizi zinaachia

#67 Mgeni_Mpya09
Samahani wakuu nimesoma uzi wote, je embe dodo inafaa?

#68 Mtoto wa Ngamiani
Ya kuchovya au ya kudondosha?

#69 Kidevu
Mgeni kimbia, usijibu